Mzee Siki Anatoka Chumba cha Matangi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, fundi sanifu wa chumba cha matangi atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo hiki. Kwenye faili za ofisi ana jina na namba. Kwenye korido anaitwa Mzee Siki, na ndivyo tutakavyomwita hapa, kwa ruhusa yake. Alipoulizwa kama jina hilo linamkera, alijibu kwamba kuna watu wameitwa vibaya zaidi kwa makosa madogo zaidi.

Wapo wafanyakazi wapya ambao hawajui hasa kinachofanyika chumbani humo, kwa hiyo tuanze na kazi. Kuna bakteria ambao ukiwapa sukari nyingi na kuwanyima naitrojeni, hawawezi kuzaliana. Badala yake hujiwekea akiba mwilini, kama mtu anavyoweka mafuta kiunoni. Akiba hiyo ni poliesta. Ukiwavuna bakteria hao, ukawapasua na kuosha kilichomo, unabaki na unga mweupe unaoweza kuyeyushwa na kufanywa kifuko, kikombe au karatasi laini. Ukikifukia kitu hicho ardhini, vijidudu vingine vitakila mpaka kiishe. Kituo kilijengwa ili kutengeneza vifuko vya miche vya namna hiyo, ambavyo mkulima angevipanda pamoja na mche bila kuvichana.

Mzee Siki aliajiriwa akitoka chuo cha ufundi. Mwanzoni aliosha matangi na kusoma vipimo. Vifuko vya kwanza vilikuwa aibu. Poliesta ya sukari tupu ni ngumu lakini haina uvumilivu. Ukiikunja inakatika kama biskuti. Wakulima walirudi na vifuko vilivyowapasukia mikononi, na mmoja wao aliuliza getini kama humu ndani tumewahi kuona mche kwa macho au tunausikia tu redioni.

Dawa yake ilijulikana. Bakteria hao wakichanganyiwa sukari na asidi ya valeriki, huichukua asidi na kuifuma ndani ya mnyororo wa poliesta, kipande hapa, kipande pale. Vipande hivyo huufanya mnyororo ulegee. Kinachopatikana kinakunjika, hakikatiki, na bado kinaoza. Shida zilikuwa mbili. Ya kwanza, asidi ikizidi inawaua bakteria wale wale unaowalisha. Ya pili, asidi hiyo inanuka.

Ni harufu ya soksi iliyoshinda wiki nzima ndani ya buti, ikichanganyika na ya maziwa yaliyosahauliwa nyuma ya kabati. Tone moja kwenye mkono wa shati linatosha kupeleka habari hadi getini. Sabuni haiiwezi. Inaingia kwenye nywele, kwenye ngozi, kwenye mkanda wa saa. Na anayeshinda nayo kila siku, pua yake huchoka, ikaacha kuisikia. Kila mtu anajua unanuka isipokuwa wewe.

Shida ya kwanza ilitatuliwa na Mzee Siki pamoja na mkuu wa maabara, ambaye kituo kizima kinamwita Daktari. Walibuni utaratibu wa kudondosha asidi kidogo kidogo kwa kufuata kipimo cha oksijeni ndani ya tangi. Bakteria wakiwa wanakula, oksijeni hushuka. Chakula kikiisha, hupanda. Mshale ukipanda unaongeza kidogo, unasubiri, unatazama tena. Ukifanya haraka umeua tangi zima. Pampu zilijaribiwa, asidi ikala mipira yake. Ikabidi mtu asimame hapo mwenyewe.

Ilipangwa zamu ya watu watatu. Wa kwanza kuacha alisema mchumba wake amempa siku ya kuchagua. Wa pili hakutoa sababu, na hakuna aliyemuuliza. Mzee Siki alipoulizwa kama naye angependa kuhamishiwa stoo, alisema abaki. "Nyie bado mnatafuta wachumba," aliwaambia wenzake. "Mimi nimeshaoa, na mke wangu hana pa kunirudisha."

Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo za kike, akifanya kazi nyumbani. Kitambaa hushika harufu, na wateja hawakosi macho wala pua, kwa hiyo cherehani ilihamishiwa kibarazani mbele, na nguo za mume zikapewa ndoo yenye mfuniko nyuma ya nyumba. Kila jioni mume alisimama uani, mke akatoka, akanusa, akatoa taarifa. "Leo afadhali." Au, "Leo usiingie kabla hujaoga mara mbili." Alijipaka dawa ya mafua chini ya pua na kulala chumba kimoja na mumewe maisha yake yote. Wale waliokuwa wakifika pale kushonewa wanasema hakuwahi kulalamika mbele ya watu, ingawa alikuwa na mzaha wake: kwamba ameolewa na mtu asiyeweza kuwa na mke wa pili, labda huyo wa pili awe na mafua ya kudumu.

Alifariki miaka minne iliyopita. Mzee Siki alichukua likizo ya kisheria, akarudi siku iliyopangwa.

Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Mkurugenzi mmoja, akiwa mgeni kabisa, aliingia ukumbi wa mikutano siku yake ya kwanza, akavuta pumzi, akasema kuna panya amefia darini. Fundi seremala akaitwa. Mbao za dari zikaanza kung'olewa, wakuu wa idara wakiwa wamesimama chini na vitambaa puani. Mzee Siki, aliyekuwa amekuja kutoa taarifa ya uzalishaji, akashika ngazi. Ukumbi mzima ulijua, isipokuwa mkurugenzi na seremala. Hakuna aliyefungua mdomo. Mbao kadhaa ziliposhuka, Mzee Siki aliinua uso. "Fundi, teremka tu," alisema. "Panya wako ndiye huyu anayekushikia ngazi."

Watu walicheka, mkurugenzi akiwa wa kwanza, na taarifa ikasomwa. Baada ya siku hiyo taarifa za chumba cha matangi zilianza kupelekwa kwa maandishi, na Mzee Siki hakuitwa tena mkutanoni. Hakuna aliyeamuru hivyo. Mambo yalikaa tu namna hiyo.

Kwenye kantini hali ilikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni alikaa meza ya mwisho, na baada ya muda meza ile ikawa ya mtu mmoja hata siku ambazo watu walikula wamesimama. Akamwomba Shangazi, mpishi wetu, awe anampitishia sahani dirisha la nyuma. Huko kuna benchi kati ya chumba cha boila na ukuta. Bomba la mvuke linapita juu, kwa hiyo hata mtu akitaka kuongea hasikiki vizuri. Hapo ndipo alipokula chakula cha mchana kwa miaka mingi, akitazamana na ukuta. Likizo zake zilikuwa fupi. Alikuwa wa kwanza kufika kazini na hakuwahi kupanda basi la wafanyakazi; alikuja na baiskeli, na anasema upepo wa baiskeli humfaa kila mtu.

Bintiye alipoolewa, baba wa bibi harusi alikaa karibu na mlango, pembeni ya vipaza sauti. Aliwasalimu wakwe kwa mbali, mkono kifuani, akainama, akarudi nyuma hatua. Upande wa bwana harusi waliondoka wakisema wameoa kwa mtu mwenye maringo. Ilibidi bintiye akawaeleze baadaye, na anasema wakwe walicheka, kisha wakaomba radhi.

Tukiacha hayo, mafanikio. Vifuko vilivyotoka baada ya utaratibu wa kudondosha vilikunjika bila kukatika, na bustani za miche zilianza kuagiza kwa magunia. Mnyororo ulifanyiwa marekebisho tena na tena, asidi ikiongezwa au kupunguzwa, hadi kukapatikana kifuko kinachoshika udongo bustanini kwa msimu mzima na kumalizika kabla mizizi haijabanwa. Safu ya miti iliyo kando ya barabara ya kuingilia kituoni ilipandwa katika vifuko vya kwanza vilivyofaulu. Kwa ajili ya toleo hili tulitafuta kimoja tukipige picha. Hakipo. Vyote vimeoza, kama ilivyokusudiwa, na stoo haikuweka akiba. Kwa hiyo picha iliyo ukurasa huu ni ya miti.

Kisha, si muda mrefu baada ya mkewe kufariki, Daktari alileta aina nyingine ya bakteria. Hawa hujitengenezea wenyewe kile kipande cha kulegeza mnyororo, kutokana na sukari ile ile. Mzee Siki aliwalea tangi baada ya tangi mpaka poliesta yao ikalingana na ya zamani. Mapipa ya asidi yakafungwa na kuchukuliwa. Chumba kikapigwa rangi upya. Ni karibu miaka miwili sasa. Jarida hili liliandika habari hiyo kwa kirefu: usalama umeongezeka, ubora umepanda, gharama zimeshuka. Halikuandika kwamba harufu imekwisha, kwa sababu halikuwahi kuandika kwamba ilikuwapo.

Tulipokuwa tunakusanya habari za wasifu huu, jarida lilimpigia simu bintiye, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, kuomba picha za zamani. Aliahidi kuzituma. Halafu akasema, "Na mimi nina swali. Baba bado ananuka?"

Alieleza kwamba amemwomba baba yake ahamie kwake akistaafu, na baba amekataa. Amepanga chumba kimoja nje ya mji, nyuma ya karakana ya magari, mahali ambapo anasema hatasumbua pua ya mtu. "Nimemwambia watoto wanamtaka, anasema nyumba yangu ni ndogo na mapazia ni mapya," alisema. "Siku ya msiba wa mama nilimkumbatia, akanitoa mwilini. Mwanangu wa mwisho hajawahi kupakatwa naye. Anakuja mara moja kwa mwaka, anakaa kibarazani, anaaga. Mimi simlaumu. Ila nataka kujua tu kama ni kweli."

Swali hilo lilipelekwa kantini, mchana, watu wakiwa wanakula.

"Harufu gani?" aliuliza dereva. "Ile? Si ilikwisha?"

Mhasibu alisema naye alijua imekwisha, tena zamani. Mlinzi wa getini alisema hivyo hivyo. Ilipoulizwa nani amemwambia Mzee Siki, watu walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia. Mtu ambaye hukumwambia kwamba ananuka, huna pa kuanzia kumwambia kwamba hanuki. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na mzee alikuwa kwenye benchi lake, sahani magotini.

Shangazi alivua aproni, akatoka nje. Waliokuwa dirishani walisikia sehemu kubwa ya mazungumzo, kwa kuwa Shangazi ana sauti ya kuishinda boila.

"Wewe mzee, hunuki."

"Ahsante, Shangazi."

"Usinishukuru, sikusifii. Nakwambia hunuki. Umeacha kunuka tangu yale mapipa yaondoke."

"Siku ya panya nilikuuliza," alisema Mzee Siki, bila hasira. "Nilikuuliza hapa hapa, Shangazi, kama kweli harufu inafika ukumbini. Ukaniambia ni mfereji."

Shangazi alichukua sahani, akarudi jikoni. Tatizo lilikuwa wazi kwa kila aliyesikia. Watu wa kituo hiki walikuwa wamemstahi Mzee Siki kwa miaka mingi kiasi kwamba neno lao halikuwa na thamani tena kwake. Aliyekuwa akimwambia kweli ni mmoja tu, naye hayupo. Tangu hapo alijihesabu kuwa ananuka kila siku. Aliamini asidi ya miaka yote ile ilikuwa imeshamkolea, kama chai inavyokolea kwenye kikombe cha bati, na kwamba kuondolewa kwa mapipa hakubadilishi kitu. Mwezi ulikuwa unayoyoma. Ufunguo wa chumba cha karakana alikuwa nao tayari mfukoni.

Ilimchukua siku chache kufikiri, kisha akaenda kwa Daktari na ombi la kikazi. Alitaka kipimo, kifanywe kama tunavyopima kitu chochote hapa, yaani mpimaji asijue anachopima.

Kipimo kilifanyika chumba cha mizani. Vipande vya kitambaa cheupe vilifuliwa pamoja. Kimoja Mzee Siki alikivaa ndani ya shati siku nzima, kikigusa ngozi. Kingine alikivaa dereva, kingine mhasibu. Kimoja hakikuvaliwa na mtu. Cha mwisho kilidondoshewa asidi ya zamani iliyozimuliwa, kutoka chupa ndogo ambayo Daktari alikuwa ameibakiza kwenye kabati la sampuli. Vyote vikatiwa kwenye chupa zenye mdomo mpana na vifuniko. Daktari alizibandika herufi, na ni yeye pekee aliyejua ipi ni ya nani. Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja, wakanusa, wakaandika ipi inanuka na inanuka nini. Mzee Siki alisubiri nje, kwenye korido, amesimama.

Majibu yalisomwa siku ile ile. Chupa ya asidi ilitambuliwa na kila mtu. Mlinzi aliandika neno ambalo jarida hili haliwezi kulichapa. Kitambaa cha Mzee Siki hakikuchaguliwa na yeyote. Wengi walikichanganya na kile ambacho hakikuvaliwa, na mmoja aliandika "sabuni ya mche". Chupa iliyoshika nafasi ya pili kwa kunuka ilikuwa ya dereva, ambaye mwenyewe, bila kujua, alikuwa ameandika: "Huyu ndugu akaoge."

Mzee Siki alicheka pamoja na wengine. Kisha akasema jibu moja si jibu, na kipimo kirudiwe. Kikarudiwa wiki iliyofuata na matokeo hayakubadilika, isipokuwa kwamba dereva alikuwa ameoga.

Safari hii hakucheka. Alikaa kwenye stuli ya chumba cha mizani, chupa zikiwa mbele yake, akauliza swali moja. Aliuliza ni tangu lini.

Daktari alijaribu. Alisema pengine wiki chache baada ya mapipa kuondoka, pengine miezi. Mhasibu alisema labda tangu rangi ilipopakwa. Walitazamana tena. Hakuna aliyejua, kwa sababu ili ujue siku ambayo harufu ya mtu imekwisha inabidi uwe karibu naye, na hapakuwa na mtu aliyekuwa karibu.

"Mama watoto angeniambia siku ile ile," alisema Mzee Siki. Akaziosha chupa mwenyewe, moja moja, akazipanga kwenye rafu zikauke. Hakuna aliyeondoka mpaka alipomaliza.

Jioni hiyo alimpigia simu bintiye kutoka ofisi ya Daktari, akamsomea matokeo yote, pamoja na ya dereva. Bintiye alisikiliza mpaka mwisho. "Baba," alisema, "mimi mwanao nimekwambia miaka minne kwamba watoto wanakutaka, hukuniamini. Umeamini chupa."

Mzee Siki alisema ndiyo, ameamini chupa, na akauliza kama nafasi bado ipo. Akaambiwa ipo, lakini atalala chumba kimoja na wajukuu watatu, na wa mwisho anaongea usingizini. Ufunguo wa karakana umerudishwa kwa mwenye chumba. Jumapili baada ya kustaafu, mkwewe atakuja na gari kumchukua.

Sherehe ya kumuaga itafanyika kantini, Ijumaa mchana. Meza zitaunganishwa kuwa moja ndefu. Viti havina majina. Wafanyakazi wanaombwa wafike mapema na wajaze kwanza upande atakaokaa yeye. Atakayetaka kukaa dirishani, sababu iwe joto. Mzee Siki amethibitisha kwamba atahudhuria. Alipoulizwa kama atakula ndani, alisema ataona. Bado anakula kwenye benchi. Anasema sasa ni mazoea, na mazoea nayo hayatoki kwa sabuni.

Kwa niaba ya kituo, jarida linamshukuru kwa kila tangi alilolisimamia, kwa vifuko ambavyo havipo tena, na kwa miaka aliyokaa mbali nasi ili sisi tukae vizuri. Shukrani hiyo ya mwisho ilipaswa kutolewa mapema zaidi, alipokuwa bado anaingia ukumbini.

Mzee wetu, tunakutakia nyumba yenye kelele, watoto wenye maswali, na usingizi pale watakapokuachia.